Injini Isiyogonga

Jumatatu, 20 Aprili

Nimebori silinda mbili, kuzichonga ndani zipanuke. Zimebaki mbili. Umeme ulikatika nikiwa katikati ya ile ya pili, nikakaa na kikombe cha chai nikiisubiri mashine. Uliporudi nilianza upya, polepole. Silinda ukiiharakisha inabaki na mawimbi ndani. Kwa macho huyaoni. Kwa kidole unayakuta.

Injini ni dizeli yenye turbo, imetoka kwenye pikapu iliyopinduka kule Simbo. Bodi ilikunjika yote, injini haikupata hata mkwaruzo. Tajiri Kashindi ameinunua aitie kwenye boti yake, ile anayoendesha mdogo wangu Sudi ziwani kati ya Kibirizi na Kagunga ya mpakani. Anataka silinda zipanuliwe. Anataka izunguke kwa kasi kuliko ilivyotoka kiwandani. "Nataka ipae, Bi Zaina," aliniambia, na tumbo lake limetangulia mbele kama shahidi. Nilimcheka. Lakini toka aliposema sijaacha kuifikiria.

Hapa Gungu, Kigoma, fundi wa kubori ni mimi tu. Mashine ni ya marehemu baba, na mkono ni aliounyoosha yeye. Wanaume wageni huja na bloku zao, chuma chenye silinda, wakiuliza fundi yuko wapi. Nawajibu ametoka, wakae wasubiri. Wanakaa. Wengine wanachelewa sana kuelewa.

Jumatano, 22 Aprili

Silinda zote nne tayari. Laini kabisa.

Pistoni zimefika kwa basi kutoka Dar. Nzito, ngumu, si kama hizi tulizozizoea. Karatasi iliyokuja nazo inasema zikipata moto zinatanuka kuliko za kawaida, ziachiwe nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda. Nimeisoma. Nimeachia pungufu ya ilivyosema. Pistoni yenye nafasi kubwa hugonga asubuhi injini ikiwa ya baridi, ko ko ko, mpaka majirani wanaamka. Injini zangu hazigongi. Mji mzima unajua hivyo. Baba alikuwa akiweka sikio kwenye bloku, akisikia mlio anafungua yote na kuanza tena. Siwezi kutoa kazi inayogonga.

Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, nayo si ya kwake. Nimeitoa kwenye injini kubwa ya ukoo uleule, inaipandisha pistoni juu zaidi na kuishusha chini zaidi. Silinda pana, mwendo mrefu. Itameza hewa na dizeli kuliko ilivyowahi kumeza. Nina furaha ya kitoto.

Sudi alipita na samaki, migebuka miwili. Alichuchumaa mbele ya bloku, akaingiza mkono ndani ya silinda, akasema, "Da Zai, hii ikishakaa majini watasema nimefuga jini." Kila kitu kwake kicheko. Mama alipofariki alikuwa hanifikii kiunoni. Nimemlea, nimemchapa, nimemtoa kwenye uvuvi wa usiku nikamwombea hiyo kazi ya boti. Sasa ana ndevu na bado anakula kwangu.

Jumamosi, 25 Aprili

Warundi wanavuka mpaka, wanakimbia kwao. Wanasema Kagunga imejaa, ufuko wote ni watu, na milima iko nyuma yao, hakuna barabara ya gari. Njia ya kutoka ni maji tu. Kila boti inayorudi Kibirizi imelala kwa uzito. Walikuja hivihivi tulipokuwa wadogo, mama akawapikia uji wa mtama kwenye sufuria la harusi. Nilidhani vile vitu vimeisha.

Nimempa mwanamke mmoja chumba cha uani. Anaitwa Domitila, wa Rumonge, Kiswahili anakijua. Alipandishwa boti kwa kusukumwa, mama yake na watoto wake wawili wakabaki ufukoni Kagunga. Boti ikaondoka wakitazamana. Tangu hapo hajalala vizuri. Nilimwambia apumzike, akakataa, akachukua beseni la dizeli akaanza kuniosha bolti. "Mikono ikikaa bure nabaona batoto," alisema. Nimemwacha aoshe.

Sudi amemwahidi kuwaleta. Ameahidi mbele yangu, mkono kifuani, kama mbunge. Atawaleta na injini mpya, siti ya mbele. Domitila alicheka kwa mara ya kwanza. Nami nikaona sasa siwezi kuiharibu kazi hii hata kidogo.

Jumanne, 28 Aprili

Imewaka!

Nimekaza springi ya gavana, ile inayoizuia isipitilize. Springi za valvu nimetia ngumu zaidi zifunge haraka. Kabla ya kufunga mfuniko wa maji nikatoa themostati nikaitupa kwenye kopo la chakavu. Hakuna fundi Kigoma anayeiacha. Kazi yake ni kuyazuia maji mpaka injini ipate moto kwanza, na joto sisi tunalo la kugawa. Ikikwama, gari linachemka kwenye mlima wa Kasulu na anayetukanwa ni fundi. Kwa hiyo tunaitoa. Hata hatufikirii tena, mkono unakwenda wenyewe.

Niliiweka kwenye fremu uani, nikaiunganisha na pipa la maji yazunguke. Maji yalipopata moto nilianza kuipandisha. Ikapanda. Nikaongeza, ikapanda tena, turbo ikapiga mluzi, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Watu walijaa getini. Hakuna kugonga. Hakuna moshi. Niliweka sikio kwenye bloku kama baba, na machozi yakanitoka. Kwa ajili ya chuma. Nimezeeka vibaya.

Domitila alisimama mbali ameziba masikio. Baadaye aliniuliza kwa nini lazima iende mbio vile. Nilimjibu ili watoto wake wafike upesi. Akasema kwao kitu cha majini hukipeleka buhoro buhoro, polepole. Nilimwambia aende akaoshe bolti.

Ijumaa, 1 Mei

Tumeifunga kwenye boti Kibirizi. Maji inavuta moja kwa moja ziwani kwa bomba, yanapita kwenye bloku, yanatoka ubavuni. Ndivyo boti zote za huku zilivyo. Rejeta ya nini wakati umeelea juu ya maji yote yale.

Baada ya swala ya Ijumaa tukaijaribu, mimi, Sudi na Kashindi. Ilipaa. Sisemi zaidi. Pua iliinuka, Kashindi akashika kofia yake, Sudi akawa anapiga kelele peke yake. Tuliipita boti ya mizigo kana kwamba imetia nanga.

Halafu kitu. Mara moja tu. Injini ilisita, mfano wa mtu aliyevutwa shati kwa nyuma, na chini ya mluzi wa turbo nikasikia msuguano mkavu. Ikaachia. Ikaendelea vizuri mpaka tukarudi. Sudi akasema hewa imeingia kwenye dizeli. Kashindi hakusikia lolote, alikuwa anapunga mkono kwa watu wa ufukoni.

Nilishika bloku tuliposimama. Baridi. Baridi ya mtungi wa maji. Nikajiambia vizuri, ziwa linapoza kazi. Lakini ule mlio haujanitoka sikioni. Nilitaka kufungua. Kashindi akasema watu wanangoja Kagunga na mimi nataka kufungua injini inayopaa.

Jumapili, 3 Mei

Nimegombana na Sudi.

Nilimwambia boti isiende mpaka nifungue nitazame pistoni. Akasema meli kubwa inachukua watu lakini haiwamalizi, Kagunga kuna kuharisha, watu wanalala wamekaa kwa kukosa pa kujinyoosha. "Wewe unasikia vyuma, dada. Mimi naona watu." Nikamwambia basi aiendeshe nusu ya mwendo, asiifungulie mafuta yote. Akanitazama. "Nusu? Umeitengeneza hii iende nusu?"

Nilimwita mpumbavu. Aliondoka bila kula, na wali ulikuwa umeiva. Nimekasirika mpaka sasa. Nimekasirika kwa sababu ameuliza swali sahihi.

Jumanne, 5 Mei

Wamekwenda na kurudi. Boti nzima imejaa, na wamefika kabla ya boti mbili zilizotangulia kuondoka. Ufukoni watu walipiga makofi. Sudi alinikumbatia mbele za watu ili nione aibu ya kununa. Nikaona.

Sudi hakumpata mama yake Domitila katika umati ule. Lakini amepata habari zao: wapo karibu na ukuta wa shule, na mtoto mdogo ana homa. Alhamisi anakwenda tena, atawatafuta mwenyewe kwa miguu. Domitila ameandaa kitenge cha kuwafunikia kwenye boti. Amekikunja, amekikunjua, amekikunja tena.

Nilichomoa kijiti cha oili kupima. Ndani ya oili kuna unga unaometa, mwembamba, mithili ya magamba ya dagaa. Injini mpya hutoa kidogo, hilo najua. Kidogo. Nilimwonyesha Kashindi. Akakifuta kijiti kwa kidole, akapaka kidole kwenye suruali yangu, akasema, "Mwali anapambwa, Bi Zaina, lazima ang'ae." Watu wakacheka. Sikupenda. Sina cha kumwonyesha zaidi ya unga na mlio niliousikia mara moja.

Nimemwambia Sudi tena, kwa upole safari hii. Alisema sawa dada. Namjua. Hiyo ni sawa ya kunifunga mdomo.

Alhamisi, 7 Mei. Asubuhi.

Sijui niandike nini kwanza.

Sudi aliondoka mapema. Sisi tulikuwa jikoni. Domitila aliosha vikombe vyetu vya bati kwa maji ya mtungi, akavipachika kimoja ndani ya kingine kama kawaida yake, akanimiminia uji wa moto kwenye kile cha juu. Nilipotaka kuvitenganisha vikakataa. Vimebana. Akavuta yeye, nikavuta mimi. Vimeshikana kama vimechomelewa. Domitila akaanza kucheka.

Nikaviweka mezani.

Kikombe cha ndani kimepata moto kikatanuka. Cha nje kimetoka kwenye maji baridi, hakikutanuka. Basi. Ni hilo tu. Pistoni iko ndani, silinda iko nje. Kwenye gari maji ya rejeta yanapata moto, silinda inatanuka pamoja na pistoni, nafasi inabaki. Kwenye pipa langu uani ilikuwa hivyohivyo. Kwenye boti maji ya ziwa yanaingia mapya muda wote, silinda inabaki ya baridi, na pistoni zile nzito zinatanuka peke yao kwa moto wote ule wa turbo. Na nafasi niliibana mimi ili isigonge. Themostati ingeyazuia yale maji kwanza. Themostati imo kwenye kopo la chakavu.

Ikikaa muda ikapoa, halafu Sudi akaifungua yote ghafla ikiwa na mzigo, itakwama. Si labda. Itakwama.

Nilipanda bodaboda mpaka Kibirizi bila viatu. Boti imeshaondoka. Nimempigia, hapatikani. Nimemwandikia ujumbe: pasha injini taratibu, usifungue yote, nenda nusu. Haujafika. Nimemwomba nahodha wa boti ya mizigo amwambie akikutana naye. Alinitazama miguu, akasema, "Haya mama." Sijui kama ameelewa.

Jioni.

Hawajarudi. Upepo wa kusi umeanza tangu adhuhuri. Huo unasukuma kaskazini, kutoka huku kwenda mpakani. Kagunga na mpaka ni kutazamana tu.

Ujumbe bado haujafika.

Nimerudi nyumbani kuswali. Vikombe viko mezani, kimoja hapa kingine pale. Nikamuuliza Domitila amevitenganisha vipi. Akasema hakuvigusa. "Uji ulipopoa biliachana byenyewe."

Ijumaa, 8 Mei

Hakuna boti. Hakuna habari. Kibirizi tangu alfajiri.

Upepo uleule.

Domitila amekaa mchangani na kitenge chake. Nashindwa kumtazama. Hajui kitu, anadhani nalia kwa hofu tu. Nataka kumwambia ni mimi.

Kashindi amekuja, amesimama, amesema Mungu mkubwa, ameondoka.

Jumamosi, 9 Mei

Boti imekuja, imevutwa kwa kamba na wavuvi wa Kagunga. Watu wote wamo. Mama yake Domitila yumo. Watoto wamo. Wote wamo, nimewatazama mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

Sudi hayumo.

Bibi, mama yake Domitila, alinisimulia akiwa ameshika mkono wangu, hajui mimi nani. Walikaa kwenye boti Kagunga muda mrefu wakipakia. Sudi alimtafuta yeye na wajukuu mpaka akawapata ukutani, akambeba mdogo mgongoni. Upepo ukazidi, akasema tuwahi. Alipoondoka tu akaifungua yote. Ikalia, ikapiga kelele, ikakaa kimya. Akajaribu kuiwasha, ikasema ta. Akajaribu tena, ta. Akasema imekufa. Upepo ukaanza kuwarudisha kaskazini.

"Ule mutoto akatupa nanga," bibi alisema. "Kamba ikaenda, ikaenda, ikaisha. Chini hakuna chini." Ziwa letu. Hatua chache tu kutoka ufukoni nanga haigusi kitu. Wakawa wanaona mwambao wa kwao unakaribia, ule waliokimbia, na watu wamesimama pale wana bunduki. Wanawake wakaanza kulia. Vijana wakalala chini ya boti wasionekane. Mbele yao lilikuwa limebaki jiwe moja tu lililojitokeza majini kabla ya mpaka. Sudi akajifunga kamba kiunoni akajitosa, akaogelea mpaka pale, akaifunga. Kamba ikashika. Boti ikasimama.

Halafu wimbi likaanza kuitupa boti kwenye lile jiwe. Akarudi majini kuisukuma kwa mikono na mabega isipasuke. "Akatuambia tusilie. Akasema dada yake atamusema sana kwa ajili ya injini." Wimbi moja kubwa likaileta boti yote. Hawakumwona tena.

Kamba ilishika mpaka wavuvi wakaja.

Jumatatu, 11 Mei

Wamempata jana. Tumemzika Ujiji leo baada ya adhuhuri, pembeni ya mama.

Watu wengi. Wanasema alikuwa shujaa. Wanasema ni kazi ya Mungu. Wazee wawili wamesema lile jiwe lina wenyewe tangu zamani. Kila mtu ana sababu yake na wote wamenipa mkono. Nimepokea mikono yote.

Nilimwambia Domitila jana jioni. Nilimwambia yote, vikombe, nafasi niliyoibana, themostati. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema si kosa lako. Namshukuru kwa hilo. Akainuka akaenda kumpa mtoto dawa, akarudi akakaa palepale karibu yangu.

Jumatano, 20 Mei

Kashindi ameleta injini kwa mkokoteni. Ameishusha uani palepale ilipowaka siku ile. Anataka nijue ina nini, na kama inafaa irudi majini, kwa sababu watu bado wanavuka na boti imekaa bure. Alisema kwa sauti ya msiba, lakini alisema. Nilimjibu nitafungua nione.

Nilichomoa nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli. Nikatia spana mbele ya krenki. Nikaandaa na bomba refu la kuvutia, maana injini iliyokwama haigeuki kwa nguvu za mwanamke, wala mwanaume. Nikashika spana kwanza kupima tu.

Ikageuka. Kwa mkono mmoja.

Niliendelea kuizungusha, duru baada ya duru, kama mjinga. Nikafungua kichwa cha injini. Pistoni zimechubuka pembeni, kuta zimekwaruzika, ndivyo nilivyojua zitakuwa. Lakini haikufa. Ilibana tu ikiwa na moto, ilipopoa ikaachia yenyewe. Ingemchukua muda wa uji kupoa. Angekaa kidogo, angejaribu tena, ingewaka. Ingegonga, ingetoa moshi, ingewafikisha polepole.

Muda huo upepo haukumpa. Na hakuna mtu aliyemwambia asubiri. Aliyejua alikuwa Kibirizi, peku, ameshika simu.

Nimekaa chini pale uani mpaka Domitila alipokuja kunichukua.

Jumapili, 14 Juni

Domitila, mama yake na watoto waliondoka jana kwenda kambini kwa basi. Mdogo amepona, amenenepa kidogo. Bibi alinishika kichwa akaniombea kwa Kirundi. Sikuelewa na sikuuliza. Jikoni ameniachia vikombe vimesuguliwa, vimepangwa kimoja kimoja, havikupachikwa.

Nyumba imetulia. Mvua zimekwisha, vumbi la barabara limeanza.

Kuna gari la mwalimu mmoja wa hapa Gungu uani. Nimelifungia themostati mpya. Aliuliza kwa nini wakati mafundi wengine huitoa. Nimemwambia gari lake linaihitaji. Pistoni zake nimeziachia nafasi ilivyoandikwa, na asubuhi itagonga mpaka ipate moto. Nimemwambia hilo pia. Alikunja uso. Mwenyewe huenda atakwenda kusema Fundi Zaina siku hizi mkono umemwisha.

Kashindi alipita kuulizia injini yake. Nimemwambia imekwama moja kwa moja, haitazunguka tena, aiuze chakavu. Aliitazama kwa mbali, akatikisa kichwa, akasema basi nibaki nayo mimi. Mkono wa kuagana sikumpa, nilisema una oili.

Ipo ndani sasa, chini ya turubai, karibu na mashine ya baba. Asubuhi, kabla sijafungua mlango wa barabarani, ninaifunua na kutia spana. Inazunguka kwa mkono mmoja, kimya. Halafu naifunika, nafungua mlango, naanza kazi.